Sabmarini ya Mjerumani Kilindini: kweli au porojo za barazani?

MwanaKibokoni

Asalaam aleikum wanabaraza, naomba msaada wa haraka maana kuna kilo mbili za halwa ziko hatarini. Jana baada ya isha tulikuwa tumekaa na kahawa yetu, mambo ya kawaida tu, mpira, siasa, bei ya unga, mara ami yangu akazuka na hadithi yake ati wakati wa vita vya pili sabmarini ya Mjerumani iliingia Kilindini usiku, ikapita chini kwa chini pale kivukoni Likoni, Waingereza wakaigundua wakaizamisha, na mzinga wake ndio ule uko Fort Jesus mpaka leo. Mie nikacheka nikamwambia ami hiyo porojo, Mjerumani atoke kwao mpaka Mombasa kwa chini kama papa, kwani alikuja kununua viazi vya karai? Akakasirika kweli kweli. Akasema babake alikuwa kuli bandarini miaka hiyo na mimi ndo kwanza nimezaliwa juzi. Basi tukawekeana halwa, atakayeshindwa anunulia baraza zima.

Nimepekua pekua nikakuta jina U-198 lakini ni tarehe na namba tupu, sijaelewa. Anayejua hii nyambizi aje, ilifika Mombasa au haikufika? Na huo mzinga ni wa nani? Jumatatu ndo siku ya hukumu.

Kaskazi_Kusi

Yakhe mwambie ami chuma kikubwa ninachokijua mie chini ya maji huku kwetu ni ile Dania kule upande wa Bamburi, na hiyo ilizamishwa makusudi 2002 iwe nyumba ya samaki na watalii wa kupiga mbizi. Hakuna Mjerumani ndani ila wale wanaolipia mbizi 😂 Halwa ya kilo mbili tunakuja sote.

FundiDizeli

Wa aleikum salaam. Msicheke sana, huyo ami ana kitu ila amekichanganya kama pilau ya harusi ya haraka. Mie nimefanya kazi injini za meli zaidi ya miaka 30, hizi nyambizi ndo ugonjwa wangu, kwa hiyo nitaandika mpaka nichoke.

U-198 ilikuwa kweli na ilikuja kweli bahari hii yetu, tena mara mbili. Iliundwa Bremen, kiwanda cha AG Weser, ikaanza kazi rasmi Novemba 1942. Ilikuwa ya aina wanaita IXD2, na hapo ndipo ami anapopata pointi yake ya kwanza, kwa sababu wewe wauliza Mjerumani atafikaje huku na hii aina iliundwa hasa kwa ajili ya kufika mbali. Urefu karibu mita 88. Injini mbili kubwa za dizeli za MAN, silinda tisa tisa, na juu ya hizo kulikuwa na dizeli mbili nyingine ndogo za kutembelea polepole bila kula mafuta mengi, yaani kama mtu ana lori na pikipiki kwenye gari moja. Kwa mwendo wa noti 12 (maili 12 za bahari kwa saa) ikiwa juu ya maji iliweza kwenda maili za bahari 23,700 kabla mafuta hayajaisha. Duara la dunia nzima ni maili 21,600 hivi. Piga hesabu mwenyewe.

Ila hapo kwenye "chini kwa chini" ami amekosea, na wengi hukosea hapo hapo. Nyambizi za wakati ule hazikuwa samaki, zilikuwa meli za kawaida zenye uwezo wa kujificha. Safari karibu yote ni juu ya maji kwa dizeli, kwa sababu dizeli yataka hewa. Ukizama unatumia betri, na kwa betri hii IXD2 ilikwenda maili kama 57 tu kwa noti nne, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka kidogo, halafu betri kwisha na lazima upande juu uchaji. Sasa mtu wa namna hiyo aingie mlango wa Kilindini, mwembamba vile, na meli za doria zimejaa, halafu atoke vipi? Hapana.

Safari yake ya kwanza ilitoka Kiel Machi 1943, nahodha Werner Hartmann, mzee kidogo ukilinganisha na wenzake na alishatamba zamani huko Atlantiki na nyambizi nyingine, U-37. Wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema wakaja kuwinda upande wa Durban na mlango wa Msumbiji. Hapo wakazamisha meli saba, ya kwanza Northmoor mwezi Mei, halafu Hopetarn, halafu Dumra ambayo wazee wa hapa labda watalijua jina maana ilikuwa ya kampuni ya British India, hawa hawa waliokuwa wakitupakia watu na mizigo kati ya Bombay na pwani hii. Siku moja baada ya Dumra wakaipiga William King ya Marekani, nahodha wake wakamchukua mateka. Halafu Breiviken, Hydraios na Leana mwezi Julai.

Mkijiuliza chakula na mafuta walipata wapi, katikati hapo mwezi Juni walikutana na meli ya mafuta Charlotte Schliemann kusini mwa Mauritius, nyambizi kadhaa kwa pamoja, kama matatu yanavyopanga foleni petroli ikiwa adimu. Wakapewa mafuta, wakarudi kazini. Waliingia Bordeaux, Ufaransa, mwezi wa tisa. Miezi sita na nusu baharini, watu sitini na kitu ndani ya bomba, choo cha kugombania, joto la injini na la nchi za huku. Mie nimeshafanya kazi chumba cha injini Bahari ya Shamu mwezi wa nane na nilikuwa na mahali pa kupanda kuvuta hewa. Wale sijui walikuwa wameumbwa na nini.

Safari ya pili nitaandika baadaye, naitwa kula.

BintNgomeni

Mzinga niachieni mie, nimekulia nyuma ya ngome nimeupanda huo mzinga tangu nina miaka sita mpaka askari anatufukuza.

Ule si wa sabmarini kabisa. Ni wa Königsberg, manowari ya Wajerumani ya vita vya KWANZA. Septemba 1914 iliivamia meli ya Waingereza Pegasus bandarini Unguja ikaizamisha, halafu ikaenda kujificha mto Rufiji, Waingereza wakahangaika nayo miezi mpaka Julai 1915 ndipo wakaimaliza na manowari mbili bapa zilizoweza kuingia mtoni, Severn na Mersey. Wajerumani wakaing'oa mizinga yote kumi wakaikokota nchi kavu wakaendelea kupigana nayo. Mmoja ndo huu wa kwetu, mwingine uko Pretoria, mwingine Jinja. Na pale ngomeni kuna wa Pegasus pia, yaani maadui wawili wamelazwa kiwanja kimoja watoto wanawapanda.

Kwa hiyo MwanaKibokoni kwenye mzinga umeshinda.

FundiDizeli

Dada umenena, ila ngoja nimtetee ami kidogo. Mzinga wa Königsberg ni wa sentimita 10.5. Na aina ya IXD2 ilikuwa na mzinga mmoja juu ya sitaha, sentimita ngapi? 10.5 vile vile. Sasa mtu aliyesikia "mzinga wa Mjerumani wa 10.5" akiwa mtoto, miaka sitini baadaye akaunganisha na sabmarini, mie simlaumu.

MwanaKibokoni

Msimtetee jamani, mwanitia hasara 😭 Fundi malizia basi, hiyo safari ya pili ilifika karibu na sisi?

MjukuuWaMzinga

Kabla Fundi hajarudi naomba niseme jambo, samahani litakuwa zito kidogo. Kwetu nyumbani tukisema sabmarini hatucheki. Ndugu yake babu yangu alikuwa mwanajeshi wa mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, walipakiwa hapa hapa Kilindini mwanzo wa Februari 1944 kwenye meli ya Khedive Ismail, wakielekea Colombo halafu vita vya Burma. Tarehe 12 Februari wakiwa karibu na visiwa vya Maldives meli ikapigwa topido mbili. Ilizama dakika mbili hazijaisha. Walikuwemo watu 1,511, wakafa 1,297, wengi wao hawa vijana wetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na wauguzi wa kike pia. Waliopona hawakufika 220.

Lakini hiyo haikuwa ya Mjerumani. Ilikuwa ya Mjapani, I-27. Manowari mbili za Waingereza zilizokuwa zikisindikiza, Petard na Paladin, ziliikimbiza siku ile ile mpaka zikaizamisha, na ubaya zaidi ni kwamba walilazimika kurusha mabomu ya majini karibu na pale watu walipokuwa wakielea maana nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Bibi yetu mkubwa alikuwa akisema yule kaka aliondoka na kanzu mpya ndani ya begi ati ataivaa akirudi. Kaburi hakuna.

Nimesema tu kwa sababu inawezekana hadithi ya ami ina na hii ndani yake, watu waliondoka Kilindini, sabmarini ikawamaliza, basi mdomo kwa mdomo sabmarini ikawa imeingia Kilindini.

Kaskazi_Kusi

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Allah awarehemu. Nafuta mzaha wangu wa juu.

FundiDizeli

Allah awarehemu wote. Hii ya Khedive Ismail shuleni hatufundishwi, sijui kwa nini.

Nimerudi. Sasa U-198 safari ya pili. Ilitoka La Pallice, Ufaransa, Aprili 1944, nahodha mpya, kijana anaitwa Burkhard Heusinger von Waldegg. Walikuwa wakielekea Penang, Malaya, huko Mjapani alikuwa amewapa Wajerumani kituo. Kundi lao liliitwa Monsun, na neno hilo ni ndugu wa damu na "msimu" letu, yote mawili yametoka kwa Mwarabu mawsim, maana awali walipanga kuanza kushambulia mwisho wa kusi. Mjerumani naye alihesabu pepo kama nahodha wa jahazi la Lamu.

Ila tofauti na mara ya kwanza, hali ilikuwa imeshaharibika. Charlotte Schliemann ilinaswa na Waingereza Februari 1944 (tarehe 12, siku ile ile ya Khedive Ismail, nimeona sasa hivi baada ya kusoma ya ndugu hapo juu) na meli nyingine ya mafuta, Brake, ikafuata tarehe 12 Machi. Kwa hiyo U-198 inakuja huku na hakuna pampu njiani, mafuta ni hayo hayo uliyotoka nayo.

Wakazamisha Columbine ya Afrika Kusini mwezi Juni, Director mwezi Julai, halafu wakapanda kaskazini. Tarehe 6 Agosti wakaipiga Empire City pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Kesho yake, tarehe 7, wakaipiga Empire Day mashariki ya Dar es Salaam. Na hapo MwanaKibokoni ndipo jibu lako lilipo, kwa sababu nikipima kwenye chati pale ilipozama na hapa Mombasa ni kama kilomita 430, kusini mashariki. Yaani ni karibu kuliko Nairobi. Kwa barabara ungekuwa hujafika hata Athi River.

Baada ya hapo ndo ikawa kosa lao. Ukizamisha meli mbili siku mbili mfululizo umeshamwambia adui uko wapi na waelekea wapi. Waingereza walikuwa na kundi la kuwinda, manowari mbili ndogo za kubeba ndege, Shah na Begum, pamoja na manowari za kusindikiza, wakaanza kufagia bahari. Tarehe 10 Agosti ndege ya Shah ikaiona. Ikazama chini, wakaisubiri, na mkumbuke ile hesabu ya betri, maili 57, ukikimbizwa hivyo unakuwa kama mtu anayeshikilia pumzi na wenzake wamekaa ukingoni wanamhesabia. Tarehe 12 Agosti, kaskazini magharibi ya Shelisheli, Findhorn ya Waingereza na Godavari ya Wahindi wakaipata wakaipiga. Watu 66 ndani, hakupona hata mmoja. Meli 11 kwa jumla ilizamisha, saba mara ya kwanza na nne mara ya pili.

LikoniMojaKwaMoja

Swali la kijinga, kama walifika kilomita 430 kwa nini wasije kabisa hapa nje ya mlango wavizie meli zinazotoka? Kilindini ilikuwa imejaa si ndio?

FundiDizeli

Si swali la kijinga. Kilindini ilikuwa imejaa kweli. Mjapani alipoishambulia Colombo Aprili 1942 Waingereza waliona Ceylon pamoto, wakalihamishia jeshi lao la majini la mashariki hapa, kwa hiyo kuna kipindi Mombasa ndo ilikuwa makao ya manowari zao bahari hii yote. Lakini penye manowari nyingi ndipo nyambizi haipendi kukaa. Na zaidi ya manowari ni ndege. Pale Kipevu, mnapoona matangi ya mafuta leo, kulikuwa na Catalina za kikosi cha 209, zile ndege zinazotua majini, zinaweza kukaa angani saa kumi na kitu zikitafuta. Nyambizi ikiona ndege inazama, ikizama inatambaa, ikitambaa haishiki meli yoyote. Catalina za bahari hii ndizo zilizoizamisha U-197 kusini mwa Madagascar Agosti 1943. Mwindaji mwenye akili hukaa mbali kidogo ambapo meli inapita peke yake.

BintNgomeni

Na msisahau Allidina Visram! Mie nimesoma jirani hapo na hakuna mwalimu hata mmoja aliyetwambia kwamba wakati wa vita shule ile ilichukuliwa na Waingereza ikawa kituo cha kuvunja mafumbo ya redio ya Mjapani. Novemba 1942 waliyavunja mafumbo ya meli zake za mizigo, wakawa wanajua inatoka ipi na inaelekea wapi. Madarasa yale yale watoto wanakariri hesabu.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia walivyobandika vitambaa vyeusi madirishani Mji wa Kale na mtu akiwasha koroboi vibaya anagongewa mlango, yeye alidhani ni kwa sababu ya majini 😂 yaani majini viumbe, si majini baharini.

Kaskazi_Kusi

Majini na majini, hapo umenimaliza.

FundiDizeli

Nimekumbuka jambo moja la mwisho halafu niende. Ile sehemu ya hadithi ya sabmarini kuingia bandarini usiku, hiyo ilitokea, ila si Kilindini. Ilikuwa Diego Suarez, ncha ya kaskazini ya Madagascar, 30 Mei 1942. Mjapani alishusha sabmarini mbili ndogo za watu wawili wawili, mojawapo ikapenya bandarini usiku, ikaitoboa manowari kubwa ya Waingereza Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Manowari za jeshi hilo hilo la mashariki ndizo zilizokuwa zikiingia na kutoka hapa kwetu, kwa hiyo habari lazima ilifika, na kuli wa bandarini angeisikia kabla ya gavana.

Na hiyo British Loyalty wallahi ilikuwa na nuksi. Waliiinua, wakaipeleka Addu kule Maldives iwe ghala la mafuta. Machi 1944 nyambizi ya Mjerumani, U-183, ikapiga topido kutoka nje ikapenya kwenye mwanya wa nyavu za ulinzi mpaka ikaipata tena. Mjapani mara ya kwanza, Mjerumani mara ya pili, meli moja.

Haya, mpelekee ami.

MwanaKibokoni

Wanabaraza shukran sana, narudisha ripoti ya hukumu. Jana nimekaa naye nikamsomea yote kwenye simu, mwanzo mpaka mwisho, akasikiliza kimya akitafuna kashata. Nilipofika kwenye mzinga wa Königsberg akasema "hiyo ndo niliyokuwa nikisema." Nikamwambia ami ulisema sabmarini. Akasema Rufiji ni maji, ilikuwa imejificha, kilichojificha majini ni nini? Nikakosa jibu.

Nilipofika kilomita 430 akasimama akawaita mpaka wale wa bao upande wa pili waje wasikie. Ya Khedive Ismail nilipoisoma akanyamaza, akasema babake alikuwa akiwataja vijana fulani waliopanda meli wakiimba, hakujua walikwenda wapi. Tukawasomea fatiha.

Halwa imenunuliwa. Kilo moja yeye kwa sababu haikuingia Kilindini, kilo moja mimi kwa sababu nilisema Mjerumani hawezi kufika huku. MjukuuWaMzinga na Fundi njooni Ijumaa baada ya swala, kuna iliyobaki, ila mkichelewa Kaskazi ameshaonekana akizunguka mtaani.

Kaskazi_Kusi

Nilikuwa napita tu.